Rozari Tatu kutoka Kigoma

Ukitaka kujua Kigoma iko mbali kiasi gani na Tabora, usimuulize Esperansi Nijimbere habari za kilomita. Wenye kupima wanasema kwa anga ni mia tatu na hamsini hivi, kwa reli ni mia nne na ushee. Wapagazi wa zamani waliotoka Ujiji na mizigo kichwani waliihesabu njia hiyo kwa makambi, na wengi wao hawakuiona kambi ya mwisho. Esperansi ana kipimo chake mwenyewe. Ndege ikiruka Kigoma, naye akaanza rozari papo hapo, inatua Tabora akiwa amemaliza ya tatu.

Usicheke. Kipimo hicho ni cha kazi. Esperansi ni mlinzi wa kampuni iliyopewa ulinzi wakati uwanja wa ndege wa Tabora ukikarabatiwa. Upande wa magharibi, mafundi walifungua uzio ili malori ya kokoto yapite, likabaki pengo la upana wa malori mawili. Pengo hilo lilikuwa na vitu vitatu vya kulilinda: kamba yenye vitambaa vyekundu, kiti cha plastiki kilichovunjika mkono mmoja, na Esperansi. Lori likija, anashusha kamba. Ng'ombe wakija, anawarudisha. Ng'ombe wa Itetemia, mtaa wa jirani, wana akili kuliko wanavyodhaniwa, na nyasi changa zinazoota kando ya njia ya kurukia ndege wanazijua kwa majina.

Kila ndege ya Kigoma ilipopaa, msimamizi wake, Masolwa, alimpigia simu na kusema neno moja tu: "Imeruka." Baada ya hapo simu inarudi mfukoni. Sheria ya kampuni ilikuwa hiyo, na mlinzi mmoja alishafukuzwa kwa kukutwa anachezea simu lindoni. Hata angeitazama isingemsaidia, maana simu yake ya kitochi ilikuwa imepotea majira tangu betri ilipoanguka, ikawa inaonyesha saa ya nchi nyingine kabisa. Ndiyo maana akashika rozari. Matendo ya furaha, ndege iko juu ya Uvinza na mabwawa ya Malagarasi. Matendo ya uchungu, iko Kaliua, iko Urambo. Matendo ya utukufu, imepita Usoke na imeanza kushuka. Padre angemwambia kwamba kila siku ina matendo yake, hayachanganywi kama mboga. Lakini Padre hakuwahi kulinda pengo. Kwa kila kumi moja la Salamu Maria, Esperansi alitembea kwenda na kurudi mara moja kando ya kamba yake, polepole, akisali kwa sauti ya chini. Kwa mwaka mzima na nusu ndege hazijamwangusha. Akifika tendo la mwisho la utukufu anasimama, anashika fimbo, na hapo ndipo mngurumo unasikika.

Sasa sikiliza jinsi kipimo hicho kilivyomtia matatani.

Mama yake, Bibi Kankindi, alikwenda Kigoma kumuuguza dada yake. Alikwenda kwa treni, akafika salama, akamuuguza dada akapona, kisha yeye mwenyewe akateleza uani kwa dada akaumia nyonga. Daktari wa huko alisema haikuvunjika, ila bibi asikae kitako kwenye benchi usiku kucha akitikiswa. Kwa maneno mengine, asirudi kwa treni. Watoto wakajadiliana kwenye simu, wa Ulyankulu na wa Urambo na huyu wa Tabora, na Esperansi ndiye aliyetamka neno ndege. Wenzake walikubali haraka. Kazi ya kumshawishi bibi wakamwachia yeye, kwa sababu ndiye aliyetamka.

Bibi Kankindi hakuwa mtu wa kushawishika. Mwaka wa sabini na mbili alitoka Burundi kwa miguu, msichana wa miaka ishirini, akivuka mito usiku na kulala mchana vichakani. Kigoma akapakiwa pamoja na wakimbizi wenzake, akashushwa katika msitu wa Ulyankulu, akapewa jembe na panga. Msitu ule aliufyeka yeye na wenzake mpaka ukawa mashamba ya tumbaku na mahindi na kanisa lenye kengele. Tangu hapo safari kwake ni jambo linalofanywa na mtu anayefukuzwa. Anayeishi kwa amani hukaa kwake.

"Mimi nchi hii niliiingia kwa miguu," alimwambia Esperansi kwenye simu. "Ardhi inanijua. Huko juu hakuna anayenijua."

"Mama, ni karibu mno."

"Karibu wapi? Nilichukua siku ngapi mimi?"

"Wewe ulitembea, mama. Ndege ni rozari tatu tu. Mimi nazihesabu kila wiki. Ukiketi anza ya kwanza, ukimaliza ya tatu unaniona."

Kilomita mia tatu na hamsini zisingemwambia bibi kitu, lakini rozari tatu alizijua. Rozari tatu ndizo alizokuwa akisali kila Ijumaa Kuu kabla ya kuonja maji.

"Za kusali kweli?" akauliza. "Siyo zile za kukimbiza?"

"Za kusali kweli, mama."

"Haya. Lakini ujue napanda kwa neno lako. Neno la rubani silijui, sijawahi kuonana naye."

Esperansi alipokata simu alitabasamu. Tabasamu lile halikudumu hata hadi wakati wa kupakua chakula. Alianza kujiuliza ni nani aliyemtuma. Ndege alizoziona kwa mwaka mzima na nusu zilikuwa vitu vya kazi, zinakuja na kuondoka kama malori ya kokoto, na hakuna hata siku moja aliyowahi kuwaza kwamba ndani yake mna watu wenye mama zao. Sasa aliwaza hilo tu. Aliwaza mabwawa ya Malagarasi yalivyo mapana. Aliwaza mawingu ya masika. Jirani yake wa Itetemia, Najiat, ambaye hajawahi kupanda chochote kilicho juu kuliko lori, alimweleza kwa kirefu jinsi ndege inavyodondoka kwenye shimo la hewa. Watu wengine huja kukufariji na petroli mkononi.

Aliomba ruhusa siku ya safari, ili amngojee mama yake ndani, kwenye ukumbi wa abiria. Masolwa akakataa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na walinzi wachache, na Apolinaria ambaye wangeweza kubadilishana naye zamu alikuwa amefiwa huko Bukene.

"Mama Aleksi, wewe utamwona mama yako kabla ya watu wote," Masolwa alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Anapita juu ya kichwa chako."

Hayo maneno ya kupita juu ya kichwa hayakumsaidia.

Siku yenyewe, Alhamisi, alifika lindoni kabla ya saa moja asubuhi. Alivaa kizibao chake cha kung'aa, akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Anga lilikuwa safi upande wa mjini, lakini magharibi, upande wa Usoke, mawingu yalikuwa yamejikusanya kama watu wenye shauri la siri. Saa tatu hivi Mzee Silasi akapita na ng'ombe wake tisa. Mzee huyu ni wa Itetemia vilevile, na kila siku aliwapeleka ng'ombe asubuhi kwenye majani, kisha baadaye akawarudisha kwa njia hiyohiyo ya kando ya uzio hadi bwawani. Miguu yake ilikuwa mizito, hivyo ng'ombe walitangulia naye akifuata mbali nyuma kwa mkongojo. Walipofika kwenye pengo, Esperansi aliwageuza kwa fimbo, nao wakaendelea na safari yao. Mzee hakuwa na haja ya kukimbia. Wote watatu, yaani mzee, mlinzi na ng'ombe, walikuwa wamezoeana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo mbona umesimama mapema? Ndege iko karibu?"

"Bado, mzee. Mama yangu anakuja nayo."

"Ala! Kwa ndege?" Mzee akatazama juu, akatikisa kichwa. "Mungu amfikishe."

Hata baraka ile ilimtisha. Mtu anayefika bila shida haombewi kufika.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mpwa wake wa Kigoma. Alisema bibi ameshaingia, amesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, amewasalimia askari wote, na rozari iko mkononi. Kisha ikawa kimya. Kisha Masolwa akapiga.

"Imeruka."

Esperansi akafanya ishara ya msalaba na kuanza.

Alianza vizuri. Kumi la kwanza alikwenda na kurudi kama kawaida. Lakini mawazo yake hayakuwa kwenye kupashwa habari kwa Bikira Maria. Yalikuwa kwenye mkanda wa kiti. Je, wamemfunga? Je, amekubali kufungwa, yeye ambaye hata mkanda wa suruali aliuona ni mambo ya askari? Salamu Maria moja ilikuwa haijamalizika, nyingine imeshaingia mlangoni. Kumi la pili, la tatu. Punje za rozari zilimpita vidoleni kama mahindi yanayopukuchuliwa. Alipofika mwisho wa matendo ya furaha alikuwa anahema, akadhani ni jua.

Kwenye matendo ya uchungu aliona wingu la Usoke limekua. Mwanamke huyu alilelewa kijijini, mawingu anayajua, na kwa siku nyingine angekwambia hilo halina mvua, ni la kupita tu. Siku ile aliliona ni ukuta. Akaanza kusali kwa sauti, akitembea huku na huku, na dereva wa lori la kokoto aliyekuja kushushiwa kamba alimpigia honi mara mbili kabla hajamsikia. Akamshushia kamba bila kuacha kusali. Lori likapita, kamba ikarudi, sala haikusimama hata kwa pumzi moja.

Utukufu aliusali kama mtu anayekwenda kuzima moto. Tendo la kwanza, la pili, la tatu. Moyo ulimwenda mbio na ulimi ukaufuata. La nne. La tano. Akasimama, akashika fimbo yake mkono wa kulia, akatega sikio.

Kimya.

Alisikia ndege wadogo kwenye nyasi. Alisikia mashine ya kuchanganya zege huko ng'ambo. Akasali Salamu Malkia, akaongeza Litania yote, kwa ukamilifu, hadi mwisho. Mngurumo hakuna. Magharibi hapakuwa na kitu ila lile wingu.

Wasiwasi ndio akili, watu husema, lakini wasemaji hawakumwona Esperansi asubuhi ile. Mwaka mzima na nusu kipimo chake hakijakosea, basi kilichokosea ni ndege. Hilo ndilo alilolijua. Hakuna sauti nyingine iliyomwambia vinginevyo. Akavunja sheria, akatoa simu, akampigia Masolwa. Ikaita hadi ikakata. Akapiga tena. "Namba unayopiga inatumika." Kwa nini inatumika? Anaongea na nani, wakati kama huu? Wanajua. Wanajua, na wanatafuta namna ya kumwambia.

Kisha akaliona gari la zimamoto likitoka kwenye banda lake na kusogea taratibu hadi kando ya njia ya ndege. Gari lile hutoka hivyo kila ndege inapokaribia. Amelishuhudia mara mia. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na siku ile macho yake yaliliona gari jekundu tu, yakasahau mara mia zote.

"Nimemuua mama yangu," alisema kwa sauti. "Mimi na rozari zangu."

Hatua kama mia na hamsini kutoka kwenye pengo, nje ya uzio, palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu. Ukisimama juu yake unaona magharibi yote hadi vilima vinapofifia. Esperansi alitazama kamba. Ilikuwa imefungwa. Alitazama njia. Hapakuwa na lori. Akajiambia ni dakika moja tu, akatupa fimbo, akakimbia.

Alipanda kichuguu kwa mikono na magoti, kizibao kikichanika kwenye mwiba. Juu kabisa akasimama, akakinga macho kwa kiganja. Wingu. Chini ya wingu, anga jeupe. Alitafuta kushoto, akatafuta kulia, akiita kimoyomoyo, mama, mama, mama, hadi machozi yakamziba. Akayafuta kwa mkono wa shati. Na alipotazama tena, chini kidogo ya ukingo wa wingu, akaona doa. Lilikuwa dogo kama inzi kwenye pazia, halitingishiki. Kisha likawa na mabawa. Kisha mngurumo ukaja, ule ule wa siku zote.

Akacheka peke yake juu ya kichuguu, akiwa amejishika kichwa. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Bikira Maria, akamshukuru hata rubani ambaye mama yake hajawahi kuonana naye. Akageuka ili ashuke arudi kazini.

Kamba ilikuwa chini. Ng'ombe wa Mzee Silasi walikuwa ndani.

Walikuwa wamefika kwenye pengo kama kila siku, na kama kila siku walingoja kugeuzwa. Hapakuwa na wa kuwageuza. Wa mbele akaisukuma kamba kwa kifua, wengine wakamfuata. Sita walikuwa wanakula majani kando. Watatu walikuwa katikati ya lami, wamesimama, wakiota jua. Mzee Silasi alikuwa mbali nyuma, akiinua mkongojo na kupiga kelele ambazo hazikumfikia mtu.

Esperansi hakumbuki alivyoshuka. Alikimbia, kiatu kimoja kikabaki njiani. Alipita pengoni bila fimbo, akaingia penye majani, akaingia kwenye lami akiwa amenyoosha mikono yote miwili, akipiga mayowe kwa Kirundi, lugha ya kwao, ambayo ng'ombe wale hawakuwahi kufundishwa. Nyuma yake mngurumo ulikuwa unakua. Alipogeuka aliona ndege imeshusha magurudumu, inamjia, pua yake imeelekea kwake, na ndani yake mna bibi wa miaka zaidi ya sabini aliyepanda kwa neno lake.

Hapo hakusali. Hakukuwa na neno kichwani. Alimpiga ng'ombe wa karibu kwa kiganja usoni, akamsukuma kwa bega, na ng'ombe akamtazama tu.

Injini zikabadilisha sauti. Ndege ikainua pua, ikapita juu yake kwa kishindo kilichomlaza chini, upepo wake ukabeba kofia yake, na ng'ombe wote tisa wakatimua mbio mikia juu. Alipoinua kichwa aliiona inapanda kuelekea mjini, inapinda juu ya mtaa wa Chemchem, inakuwa ndogo tena.

Gari la Masolwa lilikuja likipiga honi. Walinzi wengine wakaja wakikimbia. Mzee Silasi naye alifika, akihema, na kwa dakika chache zilizoonekana kama msimu mzima wote wakafukuza ng'ombe, mpaka wa mwisho akatoka kupitia pengo na kamba ikafungwa. Ndege ilizunguka, ikarudi, ikatua. Ilitua vizuri kabisa. Esperansi aliitazama ikipita na kupunguza mwendo, naye amepiga magoti kwenye majani, mguu mmoja mtupu.

Masolwa aliwapakia yeye na Mzee Silasi kwenye gari. Aliwapeleka hadi upande wa ukumbi wa abiria, kwenye kibaraza chenye meza, akatoa daftari la matukio.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Ndege ilichelewa, bosi. Nikaona imechelewa mno, nikapanda kichuguu…"

"Imechelewa?" Masolwa akageuza daftari lake la zamu, akamwonyesha kwa kidole. "Imeruka Kigoma saa nne na dakika tano. Imekuta ng'ombe uwanjani saa nne na dakika hamsini na nne. Dakika arobaini na tisa. Kama ni kuchelewa, basi imewahi. Nani alikwambia imechelewa?"

Esperansi alitazama zile namba. Alizisoma mara ya pili. Miguu ilikuwa inamuuma kwa kwenda na kurudi kando ya kamba, na sasa akajua kwa nini, na akajua pia ni nani aliyemwambia imechelewa. Angesema nini? Kwamba alizisali rozari tatu kwa muda wa mbili?

Masolwa akamtazama yeye, akamtazama mzee. Msimamizi naye ana wakubwa wake, na wakubwa wake wangeuliza maswali. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini.

"Sikiliza, Mama Aleksi. Tunaweza kuandika hivi. Mlinzi alikuwa lindoni. Mzee alikata kamba akapitisha mifugo kwa nguvu. Ng'ombe watashikiliwa, mzee atajieleza polisi. Wewe kazi unabaki nayo."

Mzee Silasi alisikia. Hakubisha. Aliushika mkongojo wake kwa mikono miwili na kutazama sakafu, kama mtu aliyezoea kuandikwa na wengine.

Wakati huohuo mlango wa vioo ukafunguliwa. Mfanyakazi wa uwanja alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu, na kwenye kiti alikuwa Bibi Kankindi, mdogo kuliko Esperansi alivyomkumbuka, amejifunga kitenge kichwani, mkoba mapajani, rozari bado imezungushwa mkononi. Alikuwa mzima. Hana hata mkwaruzo. Abiria wengine walimpita wakizungumza kwa sauti, na mmoja alikuwa akisema kwa hasira kwamba mlinzi wa namna hiyo afungwe, siyo kufukuzwa tu.

Esperansi alitaka kumkimbilia. Alitaka kumkumbatia kwanza, na mengine yaandikwe baadaye, bila yeye kuwapo. Mama yake alikuwa amepanda kwa neno lake. Hakuna aliyemlazimisha amjulishe leo hii neno hilo lilikuwa na thamani gani.

"Bosi," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mzee hakukata kamba. Mimi niliondoka lindoni. Ng'ombe walipita kwa sababu sikuwapo. Andika hivyo."

Masolwa alimtazama. "Una hakika?"

"Andika, bosi."

Akaandika. Akaandika polepole, kisha akamsogezea daftari atie sahihi. Alipomaliza alinyoosha mkono, na Esperansi akavua kizibao kilichochanika akampa. Mzee Silasi aliinua macho akamtazama. Halafu akaondoka kwenda kuwatafuta ng'ombe wake.

Kiti cha magurudumu kilikuwa kimesimama hatua tatu tu kutoka hapo. Bibi alikuwa amesikia yote.

"Shikamoo, mama," Esperansi akasema, bila kuthubutu kusogea.

"Marahaba." Bibi Kankindi alimtazama mguu ule mtupu, akamtazama magoti yenye udongo. "Uliondoka lindoni ukaenda wapi?"

"Kukutafuta, mama. Nilidhani umepotea. Nilikuwa juu ya kichuguu nakutazama angani."

Yule mfanyakazi akajifanya anatazama magurudumu.

"Mimi walinikalisha dirishani," bibi akasema. "Sikutaka, wakasema ni pazuri. Tulipokuwa tunashuka nikamwona mtu chini, yuko katikati ya ng'ombe, amenyoosha mikono, na sisi tunamwendea. Nikasema, huyu tunamuua. Nikaacha kujiombea mimi. Nikamwambia Mungu, mimi nimeshaishi, mwache yule." Akanyoosha mkono wenye rozari. "Sikujua ni wewe, mwanangu. Njoo hapa."

Esperansi akapiga magoti kwenye sakafu ile ya marumaru, mbele ya Masolwa na abiria na wabeba mizigo, akaficha uso wake kwenye kitenge cha mama yake.